Gesi Nzito, Gesi Nyepesi, na Jiko la Shule Yetu

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Karatu)



Nimepewa dakika ishirini nizungumze juu ya kemia. Wenzangu wa darasa moja wamekwisha anza kutazama saa, nami siwalaumu, maana ndio hao hao waliokuwa wakisinzia kipindi cha Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Leo nawaomba wakeshe. Jambo lenyewe linahusu jiko lile nyuma ya bwalo, ambalo tumelichangia fedha ili liache kuni na kuanza kutumia gesi.

Sina haja ya kuwaeleza ubaya wa kuni. Sisi tulizipasua kwa adhabu, na wapishi wetu walikuwa na macho mekundu Januari hadi Desemba. Akina mama wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro wanajua zaidi kuliko mimi: bei ya mzigo wa kuni ni mgongo, na siku nyingine ni kukutana na nyati. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo tunakwenda na wakati. Swali langu ni moja tu: jiko lenyewe liko tayari kupokea gesi?

Vijana, chukueni penseli. Gesi ninazozisema zimeundwa kwa kaboni na haidrojeni peke yake. Mdogo wao ni methani: atomu moja ya kaboni imeshikana na nne za haidrojeni, CH4. Baada yake ni ethani, C2H6, kisha propani, C3H8, kisha butani, C4H10. Kaboni ni 12, haidrojeni ni 1. Jumlisheni wenyewe: methani 16, ethani 30, propani 44, butani 58. Hewa tunayovuta, ukichanganya naitrojeni na oksijeni yake, ni kama 29. Andikeni hiyo 29 na mpige mstari chini yake.

Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Hiyo ndiyo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kuzalisha umeme. Gesi ya mitungi inayouzwa madukani hapa Karatu ni nyingine kabisa. Ni propani na butani, zilizoshindiliwa mpaka zikawa maji. Ukiutikisa mtungi unayasikia yakichezacheza. Lita moja ya maji hayo ikitoka nje huwa zaidi ya lita 200 za gesi, na gesi hiyo haipandi. Humwagika chini, ikatambaa sakafuni, ikaingia mtaroni na uvunguni, ikatulia huko ikingoja cheche.

Niliyafundisha haya kwa miaka mingi, na bado nilitaka kuiunguza nyumba yangu. Ilikuwa mwaka 2016, alfajiri, umeme umekatika. Mke wangu aliniambia gesi inanuka. Nikasimama katikati ya jiko kama mkaguzi, nikavuta pumzi kwa nguvu, nikamjibu kwamba hakuna kitu. Kiberiti kilikuwa mkononi. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa ameketi sakafuni karibu na mtungi, akaziba pua, akasema, "Babu, huku kunanuka." Pua yake ilikuwa chini ya gesi na yangu ilikuwa juu yake. Panya alikuwa ametafuna mpira. Tukamtoa mtoto, tukafunga mtungi, tukafungua milango yote miwili, nami nikaketi nje kwenye gogo mpaka jua likachomoza. Mke wangu hajawahi kulizungumza jambo lile mbele ya wageni, na kwa hilo namshukuru.

Hata hiyo harufu si ya gesi yenyewe. Propani na butani hazina harufu. Hutiwa kemikali yenye salfa kwa makusudi ili pua ya mtu ipate habari.

Sasa litazameni jiko letu. Lilijengwa kwa ajili ya moshi. Moshi ni wa moto, hupanda, na waliolijenga walikuwa na akili: matundu yote yako juu, chini ya paa. Chini ukuta ni mzima, hauna hata ufa, na katikati ya sakafu kuna mtaro wa maji machafu wenye kifuniko cha wavu. Kwa kuni jiko lile ni zuri. Kwa gesi ya mtungi ni bakuli.

Wengine waliniuliza asubuhi kwa nini tusitumie samadi ya ng'ombe wa shule. Ni swali zuri, na mkoa wetu una historia nalo. SIDO walileta mitambo ya biogesi nchini mwaka 1975, na kuanzia mwaka 1983 CAMARTEC pale Arusha, wakisaidiwa na Wajerumani, waliueneza mtambo wa kuba unaojengwa chini ya ardhi. Lakini tupige hesabu. Kilo 30 za samadi mbichi hutoa kama mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku, yaani jiko moja dogo kwa saa mbili au tatu, na zinahitaji maji kiasi hicho hicho. Tena bakteria wanaofanya kazi hiyo hupenda joto. Chini ya nyuzi 15 huwa wavivu, na Julai ya huku mnaijua. Ng'ombe sita watachemsha chai ya walimu na maji ya zahanati, na mbolea itabaki kwa bustani. Hawatapika ugali wa wanafunzi mia nne. Naunga mkono mtambo mdogo, mradi tusidanganyane.

Na biogesi ni methani asilimia 60 hivi, iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Vijana, pigeni uzito wake: mtapata kama 27, karibu kabisa na ule mstari wenu. Hiyo inataka matundu juu na chini.

Mtanisamehe nikiiacha asetilini ya mafundi wa kuchomelea pale barabarani, pamoja na ethilini inayoivisha ndizi za Mto wa Mbu zikivundikwa; hizo ni za mwakani nikialikwa.

Ninachoomba leo ni kidogo. Mitungi ikae nje, chini ya kipaa chenye wavu, mbali na mtaro. Mtaro wa ndani uzibwe na maji yapitishwe kwingine. Matofali manane yatolewe sentimita kumi juu ya sakafu, manne upande wa mlima na manne upande wa bonde, ili upepo upite. Mwashi nimekwisha zungumza naye, anaweza kuja Jumatatu. Kama kamati itakubali kabla ya chakula, Ndugu Mwenyekiti, nyundo na tindo ninazo kwenye gari, na hao wenzangu wa kipindi cha Alhamisi wana deni la kazi ya mikono hapa shuleni tangu Kidato cha Tatu.