Mifumo Isomane, Kila Mtu Abaki na Daftari Lake

(Mazungumzo ya mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu, Musoma)



Katibu ameniomba nieleze, kwa lugha ambayo hata aliyekuwa akikimbia kipindi cha hesabu ataielewa, jinsi ya kuunganisha mifumo ya kompyuta katika shughuli zetu. Najua kwa nini ameomba. Miongoni mwetu wamo wanunuzi wa samaki hapa Musoma, wenye maduka ya pembejeo na magari ya mizigo kule Bunda, na wenye zahanati na nyumba za wageni Butiama. Karibu wote mmenunua kompyuta. Na karibu wote mngali mnamlipa kijana mmoja asome tarakimu kwenye kompyuta hii na kuzichapa upya kwenye ile.

Tuanze na jambo tunalolijua, yaani pamba. Wazee wetu walikuwa wanachama wa vyama vya msingi. Juu ya vyama hivyo palikuwa na vyama vikuu, na kuanzia mwaka 1955 palikuwa na shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mkulima alileta pamba, karani akaipima, akaandika stakabadhi. Mzigo ulipofika kiwandani, mtu wa kiwanda hakuingia katika ofisi ya karani na kufungua meza yake. Alitaka karatasi yenye nafasi zinazojulikana: chama gani, kilo ngapi, daraja gani, tarehe gani. Karani aliweza kubadili daftari lake, hata yeye mwenyewe akabadilishwa, na kazi ikaendelea, maadamu karatasi ilikuja kama ilivyokubaliwa.

Ndugu zangu, huo ndio usanifu wa mifumo unaoegemea huduma. Kila mfumo ni ofisi yenye dirisha. Ndani ya ofisi mwenyewe apange atakavyo. Dirishani pamebandikwa tangazo: ukiniuliza swali hili kwa namna hii, nitakujibu hivi. Ombi na jibu hupita katika mtandao kwa mtindo uliokubaliwa, kama ule unaoitwa XML, nasi tunaliita dirisha hilo huduma ya wavuti. Programu ya upande mmoja yaweza kuwa imeandikwa kwa lugha moja ya kompyuta na ya upande wa pili kwa lugha nyingine, na bado zikasomana.

Ziko njia nyingine, nazo zina gharama. Mkiunganisha kila mfumo na kila mwenzake kwa kamba yake, mifumo 10 yataka kamba 45, na kila moja yahitaji fundi. Mkiruhusiana kuingia moja kwa moja katika kanzidata ya mwenzenu, siku mwenye nyumba atakapohamisha kabati, mgeni ataanguka gizani. Na mkinunua mfumo mmoja mkubwa wa kufanya kila kitu, mtakuwa mmekabidhi daftari zenu zote kwa muuzaji mmoja. Akipandisha bei, mtakwenda wapi?

Nchi yetu imelijifunza jambo hili kwa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya majaribio ya kuingiza hesabu za Serikali katika kompyuta kuleta hasara na vurugu, Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Zuio hilo lililegezwa baadaye. Na Wizara hiyohiyo ya Fedha ndiyo iliyoanzisha, mwaka 2017, mfumo wa kukusanya malipo ya Serikali unaoitwa GePG, uliotengenezwa na wataalamu wa Kitanzania.

Wengi mnaujua kwa ile namba ya tarakimu 12 ambayo watu huiita kontro namba. Zamani taasisi iliyotaka kupokea fedha ilijiunganisha yenyewe na benki moja moja. Mwananchi alilipa benki, akachukua karatasi ya benki, akapanda gari kuirudisha ofisini ili aandikiwe stakabadhi. Mtu wa Butiama alipoteza siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi Musoma kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Sasa tazameni. Mamlaka ya maji inatuma ankara yako GePG, nayo inarudishiwa namba. Unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Simu au benki inauliza GePG: namba hii ni ya nani, ni kiasi gani? Ikishapokea fedha, inatoa taarifa, na GePG inaifikisha kwa mamlaka. Kila ujumbe una saini ya kielektroniki, ili asije mtu wa kando akajifanya benki. Benki haikuingia katika daftari za maji, wala watu wa maji hawakuingia benki. Kila mmoja alisimama dirishani.

Je, hakuna taabu? Ipo. Pale katikati pakizimika, wote wanasimama. Na mtandao ukikatika, ujumbe hutumwa tena. Mpokeaji asipotambua kwamba huu ni uleule wa kwanza, ataandika malipo mawili. Ndiyo maana kila malipo yana namba yake isiyorudiwa, na kila siku pande zote hulinganisha hesabu.

Kwa hiyo nawashauri mambo manne.

Kwanza, kabla ya kununua mfumo, mwulizeni muuzaji: dirisha lake liko wapi, na maelezo yake yameandikwa wapi? Asiye na jibu, mwacheni.

Pili, msiunganishe kila kitu kwa siku moja. Anzeni na mahali ambapo tarakimu zinachapwa mara mbili.

Tatu, dirisha lijibu lililoulizwa tu. Duka la dawa likiuliza kama mgonjwa amelipa, lijibiwe ndiyo au hapana, lisipewe historia ya ugonjwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inatuhusu hata sisi wenye zahanati ndogo.

Nne, wekeni daftari la akiba kwa siku ambayo mtandao haupo, na utaratibu wa kuliingiza baadaye.

Msidhani haya ni mambo ya mashine tu. Katika hospitali moja nisiyoitaja nilimwona mama amelipia kipimo kwa simu, ujumbe wa malipo anao mkononi, lakini kompyuta ya maabara haisomani na ya mhasibu. Aliambiwa arudi kwenye foleni. Mtoto alikuwa mgongoni, anachemka. Mashine zote mbili zilikuwa nzima siku hiyo. Kilichokosekana kilikuwa makubaliano kati ya vyumba viwili.

Basi naomba chama chetu kianze kwa jambo dogo. Wanunuzi wa samaki na wenye magari wakae pamoja, waandike ukurasa mmoja: hati ya mzigo iwe na nafasi zipi, namba yake itolewe na nani, kilo ziandikweje, akikosea mtu arekebishe vipi. Karatasi ikikubaliwa, fundi wa kompyuta atapata kazi nyepesi. Isipokubaliwa, hata mashine ya bei gani haitatusaidia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vikishirikiana, kila kidole hubaki na ukucha wake.