Yai la Samaki wa Bahari na Maji ya Mto Nairobi



Mto Nairobi hupita Gikomba, Dandora na Njiru, kisha huingia Mto Athi. Mbele ya safari Athi huitwa Galana, halafu Sabaki, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kinachotupwa mtoni Dandora kinaweza kufika wanakozaliana samaki.

Samaki jike hajazi mayai kwa siku moja. Msimu wa kutaga ukikaribia, ubongo huamsha tezi iliyo chini yake, nayo hutuma ujumbe kwenye ovari. Kila yai changa limezungukwa na matabaka mawili ya seli. Tabaka la nje hutumia kolesteroli kutengeneza testosteroni, homoni inayojulikana zaidi kuwa ya kiume. Tabaka la ndani huigeuza kuwa estradioli, homoni ya kike. Estradioli husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na ini hutengeneza protini ya kiini cha yai, ambayo ndiyo chakula cha mtoto wa samaki. Damu huirudisha protini hiyo hadi kwenye yai.

Yai likishajaa, estradioli hupungua na homoni nyingine ya steroidi hushika zamu, ikaliivisha. Kwa samaki wengi wa bahari, yai huvuta maji wakati huo, likawa angavu na kuweza kuelea.

Kazi yote hii huendeshwa na homoni kidogo mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuanzia 2001 hadi 2003, wanasayansi nchini Kanada walitia homoni ya vidonge vya kupanga uzazi katika ziwa la majaribio. Kiasi kilikuwa kama gramu 1 kwa lita milioni 200. Samaki dume walianza kutengeneza protini ya kiini, na aina moja ya samaki wadogo ilikaribia kutoweka ziwani. Bahari ni pana kuliko ziwa, lakini ini la samaki wa bahari husikia ujumbe uleule.

Kwa hiyo dawa zilizobaki au zilizopitwa na muda zisitupwe chooni wala mtoni. Mwenye nazo aulize kwenye duka la dawa au kituo cha afya namna ya kuziharibu. Oili chafu ya gereji na mabaki ya kemikali yasimwagwe mtaroni. Mtaro wa mtaani huishia mtoni, na mto huishia baharini.