Masizi ya Injini za Dizeli: Mazungumzo kwa Watumishi na Wananchi



Gari lililosheheni korosho linapopanda kutoka bonde la Kitangari kwenda Newala, mara nyingi huacha nyuma moshi mweusi. Huo ni masizi, yaani chembe za kaboni zilizobaki bila kuungua kwa kukosa hewa ya kutosha. Injini ikibebeshwa mzigo mkubwa ilhali inazunguka polepole, dizeli huizidi hewa na masizi huongezeka. Chujio la hewa lililoziba vumbi, au nozeli zilizochakaa, huleta hali hiyo hata pasipo mlima.

Chembe hizo ni ndogo mno, hupenya hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo, madereva na wenye mashine za kusaga wanaombwa kusafisha chujio kwa wakati, kupunguza gia mapema mlimani, kutozidisha mzigo, na kuelekeza bomba la moshi mbali na akina mama na watoto wanaosubiri unga. Dizeli iliyogeuka masizi ni fedha iliyopotea.