Mwambie Jirani Unachosikiliza

Kuna swali ambalo watu wa rika zote huulizana wakikutana: siku hizi unasikiliza nini? Leo nataka nilijibu hadharani, kisha nikuachie na wewe ulijibu nyumbani kwako. Nalijibu nikiwa Rejaf, kusini mwa mji wa Juba, Sudan Kusini, na hapa swali hilo ni zito kuliko linavyosikika.

Nianze na Rejaf yenyewe. Kabla Juba haijawa mji, meli za mvuke zilizopanda Mto Nile kutoka Khartoum zilikuwa zikiishia hapa. Ukizidi kwenda kusini unakutana na maporomoko, na meli haipiti. Abiria alishuka na mizigo yake, akashika njia ya nchi kavu kuelekea Nimule na Uganda, au akakata magharibi kwenda Kongo. Njia ya mto na njia ya nchi kavu zilikutana Rejaf, na wasafiri walikuja na nyimbo zao. Leo barabara ya lami ya Nimule, yenye kilomita 192, inaingia Juba kupitia Gumbo-Sherikat, upande wa mashariki wa mto, na Gumbo-Sherikat imo ndani ya eneo hilohilo la Rejaf. Malori yaliyopakia Mombasa na Kampala husimama pale. Kiswahili utakisikia kwa madereva, kwa wauza chakula, na kwa vijana wa Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma kule Kenya.

Katika soko la pale hakosekani kijana mwenye meza, kompyuta ya mapajani na spika mbili, anayewatilia watu nyimbo kwenye simu. Unampa memori kadi, anaichomeka, anakuuliza unataka zipi. Kwenye kioo cha kompyuta folda zimepangwa: Bongo, Lingala, Naija, Uganda, Juba, Dinka, Nuer, Bari. Simama hapo kwa muda uangalie wateja. Mmoja atachukua Bongo na folda ya kwao. Anayemfuata atachukua Naija na folda ya kwao. Folda ya jirani haiguswi. Mtu anamjua mwimbaji wa Lagos kwa jina na kwa sura, lakini hajui mtu wa mlango wa pili, ambaye wanachota naye maji kisima kimoja, anaimba nini akifurahi na anaimba nini akifiwa. Hilo ndilo linalonisumbua, na ndilo lililoniongoza katika kuchagua ninachosikiliza.

Kwanza nasikiliza rumba ya miaka ya 1970 na 1980, hasa Samba Mapangala na Orchestra Virunga. Sababu iko papa hapa Rejaf. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, kusini mwa Sudan, yaani Sudan Kusini ya leo, kulipata amani ya miaka kumi na moja. Juba ikawa makao ya serikali ya eneo la kusini, watu wakarudi kutoka ukimbizini, na kumbi za dansi zikafunguliwa. Bendi zilizotajwa sana wakati huo zilikuwa mbili: Skylarks, na nyingine iliyobeba jina la mahali hapa, Rejaf Jazz. Zilichota mtindo wao Kampala na Nairobi, miji ambako wanamuziki wa Kongo walikuwa wameshaweka makazi. Mapangala mwenyewe alipita njia hiyo: alizaliwa Matadi, akapiga muziki Kampala, akahamia Nairobi mwaka 1977, na akaimba Kilingala na Kiswahili. Nikilisikia gitaa la Virunga likianza taratibu, kisha likageuka kuwa sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, na kila mtu akasimama, napata picha ya usiku wa Juba wa miaka ile.

Vita vilirudi mwaka 1983. Juba ikawa mji uliozingirwa, wenye kambi za jeshi na amri ya kutotoka nje usiku. Muziki wa dansi maisha yake ni usiku. Ukiwafungia watu ndani jua likizama, umeua bendi bila kumkamata mpiga gitaa hata mmoja. Leo, kwenye ile folda iliyoandikwa Juba, tafuta wimbo wa Rejaf Jazz: hupati. Jina limebaki midomoni mwa wazee, nyimbo hazimo kwenye simu za wajukuu wao.

Kabla sijataja cha pili, nikurudishe nyuma hadi 1928, uone wimbo unavyoweza kuunganisha watu. Aprili mwaka huo serikali ya kikoloni ya Sudan iliitisha mkutano wa lugha hapahapa Rejaf. Walikuja maofisa, wamisionari, wajumbe kutoka Uganda na Kongo, na mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, Diedrich Westermann. Wakachagua lugha za kufundishia shule za kusini, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kilatuko na Kizande. Kiarabu kilichokuwa kikisemwa na watu masokoni hakikupewa nafasi hiyo. Mwaka huohuo mkutano mwingine ulikaa Mombasa na kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka huohuo Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu.

Ukiyatazama hayo matatu kwa pamoja utaona jambo. Kazi ya Mombasa ilikaa vitabuni na madarasani, na ilikuwa kazi kubwa. Lakini santuri za Siti zilikifikisha Kiswahili barazani na mikahawani, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga darasa. Na huku kwetu, Kiarabu kile kilichoachwa nje ya mlango wa shule hakikufa. Kilikua sokoni, kambini na kanisani, kikawa Kiarabu cha Juba. Leo kijana wa Kibari, wa Kidinka na wa Kizande wakitaka wimbo mmoja utakaoimbwa na wote watatu, huutunga kwa lugha hiyo. Mkutano ulizigawa lugha kwa ajili ya shule. Waimbaji wakawaunganisha watu.

Cha pili ninachosikiliza ni Gordon Koang. Huyu ni Mnuer, kipofu tangu kuzaliwa, na chombo chake ni thom, kinubi cha nyuzi kinachopakatwa. Thom yake haina mapumziko: mkono unarudia mpigo uleule kwa kasi, binamu yake Paul Biel anajibu kwa ngoma, na sauti inaingia juu yao kama mtu anayezungumza na umati anaoujua mmoja mmoja. Koang alipiga muziki katika mitaa ya Juba kabla jina lake halijaenea. Alikwenda Australia kuwaimbia Wasudan Kusini wanaoishi kule, nchi yake ikaingia vitani, akaomba hifadhi. Akakaa miaka mingi akisubiri majibu, mbali na mke na watoto. Katika kungoja huko alirekodi wimbo wa kuwafariji waomba hifadhi wenzake, na mwaka 2020 akatoa albamu aliyoiita Unity, yaani umoja. Mimi si Mnuer. Lakini tangu nianze kumsikiliza, nikisikia Kinuer sokoni sikichukulii tena kuwa kelele ya watu wengine. Nasikia maneno ninayoyatambua, na nasimama kusalimu.

Cha tatu ni Mohammed Wardi, Mnubi kutoka kaskazini kabisa mwa Sudan, aliyefariki Khartoum mwaka 2012. Serikali ya Khartoum ilipokuwa ikipigana na kusini, Wardi, akiwa mwenyewe uhamishoni, alikwenda kambi ya Itang nchini Ethiopia akawaimbia wakimbizi wa kusini. Wako wanaosema Mkusini hana sababu ya kusikiliza muziki wa Khartoum baada ya yote yaliyotokea. Naelewa uchungu wao, na simlazimishi mtu. Ila kwangu Wardi anastahili kusikilizwa Juba kwa sababu aliwafuata watu wa kusini walikokuwa wakiteseka.

Vijana wetu wanajua kwamba muziki unaweza kuvuka mpaka wa kabila. Mwaka 2016, mapigano yalipoiwasha Juba tena mwezi Julai, wasanii wa Sudan Kusini waliokutana Nairobi waliunda kikundi cha Ana Taban, maana yake nimechoka. Walirudi wakaimba, wakachora kutani, wakaigiza mitaani. Walitoka makabila tofauti, na hawakumwomba msikilizaji aache kabila lake. Walimwomba asikilize na wenzake.

Ndugu msikilizaji, najua wimbo hauzimi bunduki. Waliotia saini mikataba na wakaivunja ndio wenye kujibu kwa vita vya nchi hii, wala si mtu wa Sherikat mwenye memori kadi. Lakini ubaguzi hauishi ikulu peke yake. Unaishi pia katika yale tusiyotaka kuyajua kuhusu jirani. Na kujua anachosikiliza jirani hakuhitaji mkataba wala mfadhili.

Basi nakuomba mambo mawili. Wiki hii muulize mtu asiye wa kabila lako, au hata asiye wa nchi yako, siku hizi anasikiliza nini. Akikutajia, usikilize wimbo wake mpaka mwisho, umuulize unasema nini, halafu mtajie wako. Ukiutia kwenye simu, andika jina la mwimbaji na jina la wimbo, kwa maana wimbo usio na jina ndio wa kwanza kupotea. La pili ni kwa wazee. Kama una kaseti ya Rejaf Jazz, ya Skylarks, au ya mwimbaji wa kijiji chako ambaye hakuna anayemjua, usiiache ndani ya sanduku ioze kwa joto na vumbi. Ipeleke kwenye kituo cha redio kilicho karibu nawe, inakiliwe, ipigwe hewani, nawe useme ni nani anayeimba. Wanaokumbuka sauti hizo wanapungua kila mwaka, na kazi hii haiwezi kufanywa na asiyezikumbuka.