Uzito Hupungua, Kazi Haipungui

(Mazungumzo ya fundi bodi mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Wenzangu walionitangulia wamezungumza juu ya benki, uuguzi na kilimo. Mimi ni fundi bodi. Kazi yangu ni kunyoosha, kubadilisha na kupaka rangi miili ya magari. Sitawasimulia maisha yangu. Nimechagua kazi moja tu ambayo vijana huniletea mara kwa mara: kuondoa boneti iliyokuja na gari na kufunga nyingine nyepesi, ya faibaglasi au ya nyuzi za kaboni. Magari yenyewe mnayajua. Ni Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, magari ya mwendo yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika.

Tamaa ya magari haya ina asili yake hapa kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tommi Mäkinen alishinda kwa Lancer mwaka 1996 na 2001. Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, na Richard Burns kwa Impreza mwaka 2000. Si ajabu kijana wa leo akitaka gari lake lifanane na hayo.

Lakini tazameni vizuri picha za magari hayo ya Safari. Mbele yana ngao ya mabomba ya kuzuia wanyama na vichaka. Ubavuni mwa kioo pana bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu, ili injini isinywe maji mtoni. Yana taa za ziada na vikinga vya chini. Watu waliokuja kushinda waliongeza uzito, kwa sababu walijua kila kilo iliyomo garini inafanya kazi gani. Basi neno langu la leo ni hilo: kabla hujaondoa kitu kwa sababu ni kizito, uliza kwanza kilikuwa kinafanya kazi gani, na baada ya kukiondoa nani ataifanya kazi hiyo.

Tuanze na mizani. Kijana akiniletea gari, kitu cha kwanza ninachochukua ni sumaku. Naiweka juu ya boneti. Ikinasa, boneti ni ya chuma. Isiponasa, huenda ni ya alumini, maana baadhi ya Impreza za turbo na Lancer Evolution zilitoka kiwandani na boneti ya alumini. Mwenye gari la namna hiyo hutaka kulipa fedha nyingi kuondoa uzito ambao kiwanda kilikwisha kuuondoa.

Vijana wa Fizikia, chukueni kalamu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.85. Alumini ni gramu 2.7. Faibaglasi ni karibu gramu 1.8, na kaboni iliyoshikwa kwa rezini ni karibu 1.6. Mtu akisikia hivyo hudhani hesabu imekwisha. Bado. Bati la chuma la boneti lina unene wa karibu milimita 0.7. Mita moja ya mraba ya bati hilo ni kilo 5.5. Faibaglasi ya bei rahisi hutengenezwa nene ili isilegee, na ikifika milimita 3, mita ya mraba ni kilo 5.4. Faida iko wapi? Ziko pia boneti zinazoitwa za kaboni ambazo zina tabaka moja tu la kaboni kwa juu, na chini yote ni faibaglasi. Kwa hiyo napima ya zamani, napima mpya, na mwenye gari anasoma mizani mwenyewe.

Tuseme tumeokoa kilo 10. Gari la kilo 1,300 limepungua chini ya asilimia moja. Tangi la petroli la lita 60 likijaa lina kilo 45 hivi. Ukijaza nusu umeokoa kilo 22 bila spana. Sisemi kazi haina maana. Kilo zinazotoka puani mwa gari, tena mahali palipo juu, husaidia gari kugeuka kuliko kilo zilizotoka katikati. Mnajua kanuni ya wenzo. Nasema tu mtu ajue anachonunua.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe za boneti. Ya kwanza ni kuhimili hewa. Gari likienda kilomita 100 kwa saa katika nchi ya chini kama pwani, hewa inayogonga mbele ina kani ya karibu newtoni 460 kwa kila mita ya mraba. Huo ni kama uzito wa kilo 47. Mwendo ukifika 140, kani hukaribia kuwa maradufu, kwa sababu huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Boneti ina eneo la takriban mita moja ya mraba. Hewa ikipata upenyo chini ya ukingo wake wa mbele, hata nusu ya kani hiyo inatosha kuinua boneti ya kilo 6. Tena inatosha kuinua ya chuma ya kilo 16. Maana yake ni kwamba boneti haikushikiliwa na uzito hata siku moja. Imeshikiliwa na komeo.

Hapa ndipo hatari ilipo. Boneti ya chuma ukiiachia kutoka juu kidogo, uzito wake huipeleka mpaka komeo lilie na kushika. Nyepesi ukiiachia hivyo huishia kwenye ndoano ya usalama tu, nawe ukiitazama utadhani imefungwa. Tena ulimi wa komeo kwenye boneti hizi umegandishwa ndani ya faibaglasi. Ukivutwa na kutikiswa kwenye barabara ya matuta, siku moja hung'oka na kipande chake.

Niliwahi kuletewa gari ambalo boneti yake, iliyofungwa kwingine, ilifunuka katika barabara ya Chalinze. Ilipinduka ikafunika kioo chote, ikabonyeza paa. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23, na kiti cha kushoto alikaa mdogo wake wa kidato cha pili. Kijana yule alitenda jambo la busara: hakukanyaga breki kwa ghafla wala hakukata usukani. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akawasha taa za hatari, akachungulia kupitia dirisha la pembeni na upenyo mdogo chini ya boneti, akaingia kando polepole. Binti alipata mikwaruzo ya vioo mikononi. Baba yao alipokuja gereji hakuniuliza bei. Aliniuliza, "Fundi, hiki kitu kilikuwa kimefungwa na nini?" Nilimwonyesha. Mahali pa pini palikuwa pamewekwa alama kwa penseli, lakini matundu hayakutobolewa. Kijana alikuwa amesema pini zitaharibu sura ya gari.

Basi kwangu sharti ni moja. Boneti nyepesi haitoki bila pini mbili za mbele, kila moja imefungwa kwenye chuma cha gari chenyewe na si kwenye plastiki ya bampa. Juu ya tundu la boneti huweka kibati kipana, ili nguvu isambae na faibaglasi isichanike. Asiyezitaka namrudishia boneti yake ya chuma, naye anakwenda kwa amani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Watu wawili, si mmoja. Kwanza zungusha alama ya penseli kwenye bawaba, ondoa mpira wa maji ya kioo, kisha fungua bolti na ulaze boneti ya zamani juu ya blanketi. Usiiuze. Jaribu boneti mpya kabla ya kupaka rangi, maana nyingi hazikai sawa mara ya kwanza. Ondoa kabisa ulimi wa komeo, shusha boneti taratibu, angalia kama inagusa madigadi au injini. Nafasi ya pembeni iwe sawa kulia na kushoto. Ikikataa usiilazimishe kwa bolti; faibaglasi haijikunji kama bati, hupasuka. Tumia washa pana na ukaze kwa kiasi. Nafasi zikishakaa sawa, rudisha ulimi, kisha funga kwa kukandamiza kwa viganja viwili karibu na komeo mpaka usikie limeshika. Kama boneti ya zamani ilisukumwa na fito za gesi, ziondoe uweke kijiti cha kuegemeza, maana fito hizo zilipimwa kwa uzito wa zamani na zitaipinda hii mpya. Ukikata au kutoboa, vaa barakoa na funika betri. Vumbi la kaboni linapitisha umeme. Mwisho paka vanishi ya kuzuia jua, kwani rezini iliyoachwa wazi hugeuka manjano. Kisha endesha polepole kilomita chache, simama, kagua bolti na pini, ndipo uongeze mwendo.

Kazi ya pili ya boneti haionekani mpaka siku ya ajali. Boneti ya kiwandani ina fremu kwa ndani, na fremu hiyo imelegezwa makusudi mahali fulani. Gari likigonga, boneti hujikunja katikati kama kitabu, isije ikateleza nyuma na kuingia kiooni. Tena hubonyea kidogo kichwa cha mtembea kwa miguu kikiigonga. Nyingi za hizi za dukani hazikupimwa kwa ajili hiyo, nazo huvunjika vipande vikali. Katika uwanja wa mashindano dereva ana kizimba cha mabomba, kofia ngumu na mikanda ya mabegani. Barabarani ana abiria, na mbele yake wako watoto wanaovuka. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba gari la mashindano lifungwe boneti nyepesi, na gari la kila siku libaki na ya kiwandani. Anayetaka lazima, aijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kabla, si baada ya ajali.

Nimalizie kwa vijana. Msongamano, kani, eneo na wenzo mnavisoma katika madarasa yale pale, na huenda mnadhani ni vya mtihani tu. Ndivyo ninavyovitumia kila siku nikiwa na mafuta mikononi. Asiyezijua hesabu hizo naye anaweza kufunga boneti, ikapendeza, ikang'aa. Tofauti itaonekana kwenye mwendo wa kilomita 100, na wakati huo fundi hayumo garini.

Mwanafunzi yeyote anayependa kuona kazi hii kwa macho yake, gereji yangu iko wazi wakati wa likizo. Aje na nguo za kuchafuka, na sumaku kama anayo.