MANENO YA KIINGEREZA YA KUTEGEMEA

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya neno moja la Kiswahili ambalo katika Kiingereza lina maneno mengi, nalo ni kutegemea. Watu wa Ngana, katika wilaya ya Kyela, hulitumia kila msimu: mpunga wategemea mvua, sare ya mtoto yategemea kakao, mzee ategemea wanawe. Kwetu neno ni moja, na msikilizaji hutambua maana kwa mambo yenyewe. Waingereza hawafanyi hivyo.

Faida ya kuyajua si ya darasani tu. Mto Songwe ni mpaka wa wilaya hiyo na Malawi, ambako Kiingereza ni lugha ya serikali. Kwa mdomo watu wa ng'ambo mbili husikilizana, kwa kuwa Kinyakyusa na Kingonde ni lugha za karibu sana. Lakini hati haisemi kwa mdomo.

Neno la kwanza ni "depend on". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni kuning'inia, kama tunda lining'iniavyo tawini; tawi likikatika, tunda laanguka. Basi husemwa, "Our rice depends on the rain," yaani mpunga wetu wategemea mvua. Hapa hamna sifa wala lawama. Wanafunzi na walishike sana lile neno dogo "on". Kitenzi chetu chajitosheleza, kwa hiyo wengi huliacha, au huweka "to" mahali pake. Lakini kwa kinyume chake husemwa "independent of". Katika shina hilo limetoka neno "independence", yaani uhuru, ambao Tanganyika iliupata tarehe 9 Desemba 1961: hali ya kutoning'inia kwa mwingine.

Neno la pili ni "rely on". Asili yake ni kufunga pamoja, na ndani yake mna imani. Tazameni tofauti: "I depend on my brother, but I cannot rely on him." Maana yake, namtegemea ndugu yangu kwa kuwa sina mwingine, lakini yeye si mtu wa kutegemewa. Wahenga wetu walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtu wa namna hiyo huelezwa kwa neno la kwanza, si kwa la pili.

Yako na mengine mepesi. "Count on me" ni kusema, nihesabu katika watu wako, sitakosa. "We live on rice" ni kusema, chakula chetu ni wali.

Neno la mwisho ni dogo, nalo lina hatari: "subject to". Tuseme mkulima ameuza kakao, naye apewa karatasi yenye maneno haya: "Payment within seven days, subject to inspection." Asomaye nusu ya kwanza hufurahi, kwa kuwa ameahidiwa fedha kwa siku saba. Lakini nusu ya pili yasema kwamba ahadi yategemea mali ikaguliwe kwanza na kukubaliwa. Pasipo ukaguzi, siku saba zaweza kupita bila senti. Basi kabla ya kutia sahihi yafaa kuuliza: nani atakagua, lini, na kwa kipimo gani? Majibu hayo nayo yaandikwe katika karatasi ile ile. Asiyejua kusoma Kiingereza na amwite mwanafunzi wa nyumbani, amsomee polepole hadi nukta ya mwisho, kwani sharti mara nyingi hukaa mkiani mwa sentensi.

Na mkimwuliza mtu jambo, akajibu, "It depends," yaani inategemea, msiondoke. Jibu hilo ni nusu tu. Mwulizeni, "On what?" Yaani, yategemea nini? Atakapotaja lile tawi ambalo tunda lake laning'inia, ndipo mtakapojua kama ni tawi bichi au kavu.