Mkoba wa Ngozi wa Rivolva

Leo nazungumza na walinzi na raia wenye leseni wanaobeba rivolva kiunoni. Ukiambiwa mkoba huu unafaa kila bastola, uache hapo hapo dukani.

Rivolva ni nene katikati, kwenye silinda, na hapo ndipo mkoba hujulikana kama ni wake. Chukua Smith & Wesson. Zile ndogo za fremu ya J kwa kawaida hubeba risasi tano, na silinda ina upana wa milimita 33 hivi. Za fremu ya K, kama Model 10, hubeba sita na kukaribia milimita 37. Milimita nne tu, lakini ndogo ukiitia kwenye mkoba wa kubwa itacheza, na siku ukiinama idondoke. Basi mtajie fundi modeli na urefu wa mtutu.

Kabla ya kujaribu, toa risasi zote na upapase kila tundu la silinda kwa kidole. Itie rivolva mkobani. Triga ifunikwe yote, pasiwe na nafasi ya kupenya hata kidole cha mtoto. Pindua mkoba juu ya godoro: isianguke. Kisha ichomoe, utazame mdomo wa mkoba. Ukibaki wazi, vema. Ukijikunja, ngozi inaweza kuingia kwenye triga wakati wa kurudisha bastola, na risasi ikaishia pajani mwako. Ndiyo maana mkoba uliolegea hutupwa, hata kama ni urithi wa baba.

Mpya ukibana mno, usiupake mafuta. Funga rivolva tupu kwenye mfuko wa plastiki, isukume ndani, uifungie kwenye sefu hadi asubuhi.

Ngozi nzuri ni iliyosindikwa kwa dawa ya magome, kama ya miwati inayopandwa Njombe. Ni ngumu, na ikiloweshwa na kukandamizwa juu ya bastola hushika umbo lake. Iliyosindikwa kwa kromu ni laini, waachie washona pochi. Chumvi zake huweza kuharibu chuma.

Mkanda nao uwe mnene, ujae kwenye matundu ya mkoba, la sivyo utavuta bastola na mkoba upande nayo.

Na kwa walioko Tanga, Mombasa au Unguja: ngozi hufyonza jasho na unyevu. Ukifika nyumbani ichomoe rivolva, ifute, uilaze kwenye sefu bila mkoba.